Mstari wa Mwisho Nyuma ya Kioo

Kila mwisho wa mitihani mkurugenzi wa shule yetu ya biashara alitaka karatasi moja yenye mafanikio ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi. Kuichapa ilikuwa kazi yangu, mimi sekretari wa shule kwa miaka kumi na tisa, na kuibandika ndani ya valve pia ilikuwa kazi yangu. Valve ni lile sanduku la kioo ukutani ambamo matangazo yote hukaa. Ufunguo wake nauvaa shingoni, kwenye kamba moja na msalaba, na nimewahi kumnyima hata mkurugenzi mwenyewe. Maana watu wa hapa ukiwaambia jambo kwa mdomo watakuuliza umelisikia wapi, lakini wakilikuta nyuma ya kile kioo, basi, limekwisha. Mwanafunzi anaweza kuambiwa na mwalimu wake kwamba amefaulu, na bado chakula kisimpite kooni mpaka valve iseme.

Mwaka ule vita vilipoingia Goma vikakaa, nilikaa mbele ya kompyuta nikakosa cha kuandika. Benki zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege vilevile, na maprofesa walikuwa wamekwenda Kinshasa, Kampala, wengine sijui wapi. Mkurugenzi akaniambia, "Tafuta, mama. Hakukosekani kitu." Nikatafuta kwa hasira. Mwalimu wetu mmoja alikuwa ametoa makala kuhusu biashara ya maharage, nikaandika. Mlinzi wa lango aliwaambia waporaji kwamba maktaba ina vitabu tu, nao wakamwamini wakaenda kwa jirani. Hilo pia nikaliandika, kwa maneno yenye heshima kidogo. Mama anayefagia madarasa alikuwa amejifunza kusoma. Nilipoisoma karatasi nzima nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia kazini.

Upande wa wanafunzi haukuwa na kitu. Kulikuwa na yule binti tu, na yeye alikuwa bado hajamaliza.

Alikuwa mtoto wa mkulima wa Rutshuru, aliyekaa kwa shangazi yake huku mtaa wa Majengo. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu akina mama wanaouza maharage kwenye barabara ya Rutshuru, jinsi wanavyomkabidhi dereva wa pikipiki mzigo wa watu watano bila karatasi yoyote, na mzigo ukafika. Vita vilipoingia, kompyuta yake iliibwa na kazi yote ikaenda nayo. Akaiandika upya kwa mkono, madaftari sita, akaniletea akiwa ameyafunga ndani ya kitenge. Niliichapa mimi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba sikujua thamani yake.

Kilichobaki kilikuwa kuitetea mbele ya juri, wale watahini watatu wanaosikiliza na kutoa alama. Kwa sheria ya shule juri haiketi bila profesa, na mjini alikuwa amebaki profesa mmoja, muzee mkali ambaye naye alikuwa anaondoka Jumapili, hana mpango wa kurudi. Alikubali kuketi Jumamosi asubuhi. Kwa yule binti ilikuwa Jumamosi hiyo au basi, na sote tulilijua hilo.

Ijumaa mkurugenzi alitaka karatasi iwe nyuma ya kioo kabla ya kufunga ofisi, apige picha awatumie wafadhili. Akaisoma, akauliza, "Na wanafunzi?" Nikasema ngoja. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika mstari wa mwisho: jina la binti, na kwamba ametetea kazi yake mbele ya juri na kupata distinction, daraja la juu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia ni saa chache tu, kesho itakuwa kweli, na nani atapita hapo Ijumaa jioni? Miaka kumi na tisa nimeulinda ule ufunguo, kisha nikaugeuza kwa mkono wangu mwenyewe juu ya uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na habari mbaya, nikataka mstari mmoja wa kujivunia.

Mtu alipita. Akapiga picha kwa simu yake, na kabla giza halijaingia picha ilikuwa imefika Rutshuru.

Huku kwetu anayetoka kutetea hupokewa mlangoni na ndugu zake. Humwagiwa poda ya watoto kichwani mpaka awe mweupe, na vitenge hutandazwa chini asikanyage udongo. Poda huja baada ya juri. Sijaona mtu akiimwaga kabla, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakayemshangilia mtoto kabla hajafaulu. Lakini wale walikuwa wameisoma valve.

Jumamosi asubuhi nilisikia vigelegele langoni. Baba yake alikuwa amefika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na shangazi wawili, na makopo ya poda. Binti alikuwa anaingia na kazi yake kifuani, imeshajalidiwa kuwa kitabu. Alijaribu kuwakwepa.

"Papa, bado! Sijaingia!"

"Bado nini? Valve imeshasema, mutoto wangu. Unatuficha nini?"

Wakamshika, wakammwagia. Nilikimbia kutoka ofisini nikipiga kelele waache, na vigelegele vikanimeza. Nilipowafikia kichwa chake kilikuwa cheupe chote, na anakohoa.

Tulipangusa tulichoweza kwa kitambaa chake cha kichwa. Akaingia hivyo hivyo. Wale wawili wengine wa juri walitazama meza. Profesa alimtazama yeye, kisha akaniuliza mimi niliyesimama mlangoni:

"Ni nani alimupa points mbele hatujamusikia?"

Hakungoja jibu. Akatoka mpaka kwenye valve, akavaa miwani, akasoma, akarudi. Nikapiga magoti. Sikujali wanafunzi waliokuwa dirishani.

"Ni mimi, Profesa. Yeye hajui kitu. Ninaitoa ile karatasi sasa hivi. Ninakuomba, muketi, mumusikilize tu."

"Uitoe iende wapi, mama? Picha zimeshatembea. Nikimupa distinction, batu watasema nimesoma kwenye valve. Nikimupa chini yake, watasema nimemuibia. Hapa hakuna tena kazi ya juri."

"Profesa, kesho hauko. Hakuna mwingine."

"Najua."

Akaanza kukusanya karatasi zake. Binti alikuwa amefungua kitabu na kuanza kusoma utangulizi kwa sauti, bila kuambiwa, haraka haraka, kana kwamba akifika ukurasa wa tatu hawatakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Alisoma mpaka profesa akavuka mbele yake na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilimchukia yule muzee kwa moyo wangu wote, na bado namchukia, ingawa sijapata neno moja la uongo katika yale aliyoyasema.

Nje walisikia viti vikivutwa, wakadhani imekwisha. Vigelegele vikaanza tena.

Nikamwambia binti, "Nitatoka mimi, nimueleze papa yako." Akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia.

"Mama, usimuambie. Amepita barabara yote ile. Aende kwanza."

Akajipangusa macho, poda ikageuka uji mashavuni. Akafungua mlango. Wakamtandazia vitenge, akatembea juu yake polepole, akiinua kitabu kama wanavyoinua wote, na wakammwagia tena. Baba yake alicheza. Kisha akanijia mimi, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, mama. Waliniambia ni wewe uliandika jina ya mutoto wangu."

Nikasema karibu, papa. Ndilo neno lililotoka. Nilipiga makofi pamoja nao, poda ikanijaa kwenye nguo, na nilitamani ardhi hii ya volkano ya Goma, ambayo imewahi kupasuka kwa mambo madogo kuliko hayo, ipasuke hapo nilipo.

Profesa aliondoka Jumapili. Hakuna mwingine aliyekuja badala yake. Mkurugenzi nilimweleza yote; akasema karatasi ibaki kwa sasa, wafadhili wameipenda. Sikumbishia. Na mimi nani wa kumbishia?

Baba hupiga simu barabara inapofunguka, akitaka kuja. Huuliza diplome itatoka lini, nami humjibu bado wanaandika. Hucheka, husema waandike vizuri.

Binti huja kila Jumatatu. Husimama mbele ya valve akitafuta tangazo la juri mpya. Hakuna tangazo. Kuna ile karatasi, imeshageuka manjano, na jina lake chini kabisa.

Wiki iliyopita alikuja ofisini akaniomba ufunguo. Nikajua amechoka kuiona, na kwa kweli nilifurahi kwamba hatimaye kuna mtu ataitoa, kwa kuwa mimi nimeshindwa. Nikauvua shingoni nikampa. Nilimtazama kwa dirisha. Alifungua kioo, akaibandua ile karatasi, akaipangusa vumbi kwa upande wa kitenge chake. Kisha akairudisha, akazibana pembe zote nne, akafunga.

Akaniwekea ufunguo mezani.

"Iache tu, mama," akasema. "Papa anatumaka batu kila mara kuja kuiangalia."