Meza ya Mninga na Nusu Punje ya Baruti

Mume wangu aliitoboa meza ya marehemu mama yangu mashimo manne, akafunga juu yake mashine ya kutengenezea risasi, halafu akaniuliza chakula kiko wapi. Meza ya mninga ile! Imetoka Tanga juu ya basi hadi Bertrams, hapa Johannesburg, imevuka mipaka mitatu bila mkwaruzo, ije ikutane na bolti za mwanamume mwenye akili zake. Nililia, sifichi.

Yeye ni mlinzi, leseni zote anazo. Wenzake wa klabu ya shabaha walimwambia risasi za dukani hazifai masafa ya mbali. Mtu makini hujipimia baruti mwenyewe. Baruti yenyewe inapimwa kwa punje. Nilipomsikia akilalamikia nusu punje nilidhani anazihesabu moja moja, nikamwonea huruma, nikavuta kiti nimsaidie kuhesabu. Kumbe punje ni kipimo chao cha uzito. Alinicheka mpaka akaimwaga baruti, akaanza upya.

Basi mizani yake ya kupimia baruti, inayotikiswa hata na upepo mdogo, ikatutawala. Friji lizimwe. Unga wa chapati usichekechwe. Mimi nisipite, nisikohoe. "Mama watoto, usipumue," aliniambia siku moja kwa adabu kabisa, mtu ambaye akikoroma majirani wanagonga ukuta. Mgao wa umeme ukija, Johannesburg nzima inalaani. Yeye anasema alhamdulillahi, friji limenyamaza. Siku moja giza lilipoingia nikamletea mshumaa apate kuona. Aliruka, akaupuliza kwa nguvu zake zote, na baruti ya kwenye kisahani ikaenda nao. Eish, akasema, akanuna hadi umeme uliporudi.

Nikachoka. Watu wa posa ya binti yetu walikuwa wanakuja Jumapili kutoka Joubert Park, na mimi ningewaandalia wapi, mapajani? Nikamwambia nataka meza yangu. Akaomba jambo moja tu: Jumamosi ana mashindano, akikosa kikombe, mashine itoke mezani moja kwa moja. Nikakubali, na nikaenda naye nishuhudie kwa macho yangu.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, viziba masikio juu ya hijabu. Kushoto kwake bibi mmoja wa Kizungu alilala kifudifudi na bunduki yake, mkongojo pembeni. Mume wangu akalenga, akapiga tano. Kwa kumtazama mgongo tu nilijua kwamba zimekwenda vizuri. Sikutaka ziende vizuri, nakiri, lakini nilijikuta nimeinuka kitini.

Ubao wake wa shabaha ulikutwa mweupe pe, hauna hata tundu. Risasi zake tano zilikuwa katikati kabisa, zimebanana ungezifunika kwa kizibo cha soda, kwenye ubao wa yule bibi. Na kanuni ya klabu ni kwamba ubao ukiwa na risasi za ziada, mwenye ubao anahesabiwa zilizo bora. Bibi akapewa kikombe. Alimfinya mume wangu shavu, akamshukuru sana.

Njiani kila robot, taa za barabarani za huku, ilituwakia nyekundu na hakulalamika. Nyumbani alishika spana kabla hajavua viatu. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikashindwa. Alizifungua bolti polepole, asiiongezee meza mkwaruzo, na hilo ndilo lililonichoma.

Jumapili nikatandika kitambaa, nikapanga vikombe. Baba wa kijana akamwaga chai kidogo, ikapenya moja kwa moja hadi kwenye soksi zake. Akafunua kitambaa, akayatazama yale mashimo, akauliza meza imepatwa na nini. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Ni baba watoto na shabaha yake, mzee," nikamjibu. "Manne, na hapa hakukosea ubao."

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka.