Kurumbiza wa Bustani ya Hoteli

Nilitoka kwetu Endamarariek kwa sababu ya wivu, na sioni haya kulisema. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja ukingoni mwa Ngorongoro. Mpwa wake anayefanya kazi hukohuko aliteremka likizo, akaropoka jikoni kwangu: "Mjomba kila alfajiri anapiga mluzi, na kuna anayemjibu." Mluzi huo naujua! Ndio alionitongozea, akisimama nje ya shamba letu la mahindi. Nami, kwa kuwa kwetu msichana hapigi mluzi, nilimjibu kwa kugonga mchi kwenye kinu. Sasa huyu anayemjibu ni nani? Nikawaacha watoto kwa mama mkwe, nikafunga maharage na blanketi jipya, nikaondoka.

Karatu nilifika jua limeshakuwa kali. Nikapata nafasi kwenye lori lililokuwa likipeleka kabichi hotelini. Dereva, mzee Hamisi, akaniuliza, "Unamfuata mzee, mama?"

"Namfuata aliyemshikilia."

Akacheka mpaka akakosea gia. Mimi sikucheka.

Baada ya geti la hifadhi barabara ilianza kupanda msituni, utelezi mtupu, na ukungu ukatufunika. Baridi ilinipenya hadi mifupani. Mahali pa kutazamia kreta, Hamisi alisimamisha lori ili na mimi nione. Watalii walikuwa wakipiga picha. Nikatazama bonde lile lote na ziwa lake jeupe kule chini, nikawaza, mtu anayeamkia haya kila siku ataukumbuka vipi uwanja wangu wenye vumbi? Loo, siku ile niliuonea wivu hata mlima.

Jioni nikabisha hodi kwenye nyumba za wafanyakazi. Baba Neema akaruka kitini. "Mama Neema! Kuna msiba?"

"Mpaka kuwe na msiba ndipo nije?"

Jirani yake, Felista, aliyekuwa dobi wa hoteli, alitupikia ugali na kabichi. Mwanamke mcheshi, ana mwanya mpana mbele. "Wifi, nisamehe," akasema. "Mgeni kama wewe ningekuchinjia kuku, lakini fungo waliwamaliza zamani, hata kabla sijamfahamu mumeo. Sijafuga tena." Nilikula nikashiba, roho ikanitulia kidogo. Nikamwita dada.

Alfajiri nikausikia. Mluzi wangu, wenyewe hasa! Nikageuka kumkamata mtu, kumbe Baba Neema yuko palepale ubavuni mwangu, anakoroma. Nikatoka na kanga moja. Juu ya ua wa bustani alikuwepo ndege mmoja, kifua rangi ya chungwa, nyusi nyeupe, anapiga mluzi wa mume wangu bila hata aibu.

"Huyo ni kurumbiza," Baba Neema akasema nyuma yangu, akipikicha macho. "Nikilima ananifuata, anaokota wadudu nyuma ya jembe. Anachokisikia kila siku anakiiga. Ameshaujua mluzi wako."

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Safari yote ile, kumbe mke mwenzangu ana mabawa! Felista naye akafungua mlango wake, akawa anatuangalia na kutabasamu.

Ndege akapiga tena. Ila safari hii hakuishia pale. Alitulia kidogo, kisha akatoa mluzi wa pili, mwembamba, wenye pumzi inayovuja katikati, kama wa mtu mwenye mwanya. Akaanza upya: wa kwanza, kimya, wa pili. Wito na jibu.

"Na huo wa pili?" nikauliza.

Baba Neema alitazama jembe lake. "Huo? Huo ni Felista. Huwa anaita kuku wake."

"Kuku gani?"

Mlango wa Felista ukafungwa taratibu, komeo likaingia.

Sikupiga kelele, na mpaka leo najishangaa. Lori la Hamisi lilikuwa linapasha injini. Maharage niliyaacha, maana yalishachanganywa na yao. Njiani Hamisi alinipa gunia nijifunike magoti.

Mnaoniuliza kulikuwaje, nawaambia Ngorongoro ni kuzuri kweli, na ndege wake hawajui kuficha jambo. Baridi ya kule sasa, hiyo haina mfano. Blanketi nilirudi nalo.