Sili ya Kastamu

Harufu ya mukene waliokauka juani haipigi hodi. Inaingia hadi kwenye pindo za nguo, na ukirudi nyumbani hata mtoto anajua umepita wapi. Wiki mbili zilizopita nilinunua kigunia cha samaki hao, wale ambao wenzetu wa upande wa Kenya huwaita omena, katika soko la Tororo ninakoishi siku hizi. Mdomo wa kigunia ulifungwa kwa uzi wa nailoni wa kijani, uliokatwa kutoka kwenye wavu mkuukuu. Nilianza kuufungua huku napiga soga na muuzaji, macho yangu yako kwake. Fundo likaachia bila mimi kulitazama. Hapo nikasimama na uzi mkononi, kwa maana nilikuwa nimeelewa jambo lililopaswa kunijia nikiwa na miaka kumi.

Nitawasimulia, ila msinicheke kabla sijamaliza.

Nililelewa na Kukhu, ndivyo sisi Wasamia tunavyomwita bibi, pale Busia upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya malori. Mama yangu alikuwa akifanya kazi mbali. Nyumbani tulikuwa watatu: Kukhu, mjomba Wandera ambaye ni kitindamimba wake, na mimi Ajambo. Kukhu aliuza mukene. Chumba kimoja kizima kilijaa magunia, na panya wa mtaa walikijua vizuri kuliko mashimo yao. Mwishowe rafiki yake mmoja wa upande wa Kenya akampa mtoto wa paka wa kijivu, mwembamba kama kamba ya kiatu. Kukhu akamvusha ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki, kupitia njia ya panya. Majirani walicheka mwaka mzima. Paka kupita njia ya panya!

Alipofika, Kukhu alimzungusha mafiga mara tatu, ili ajue jikoni kwake ni wapi asije akarudi alikotoka. Tukamwita Kastamu, kama maofisa wa forodha pale mpakani, kwa sababu hakuna gunia lililoingia nyumbani bila yeye kulinusa pembe zote nne na kulikalia kidogo kabla ya kuliruhusu. Panya wakahama bila kuaga.

Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Kila siku nikitoka shule niliyatazama malori mpakani. Lori lenye sili mlangoni, kile kibati cha forodha kilichofungwa kwa waya, lilipita kwa madaha, na lisilo na sili lilivutwa pembeni huku dereva wake akijieleza na kutoa jasho. Paka wetu alikuwa ameingia nchini bila hata karatasi. Nikaona siku moja watakuja kumkamata. Basi nikaokota kizibo cha soda, nikakigonga kwa jiwe hadi kikawa bapa, nikakitoboa kwa msumari, nikapitisha uzi wa nailoni na kumfunga shingoni, iwe sili yake. Nilitumia fundo la magunia la wauza mukene, alilonifundisha Kukhu mwenyewe. Fundo hilo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyozidi kukaza, na mtu hulifungua kwa njia moja tu, kwa kusukuma kidole gumba chini ya pindo la pili. Wateja walikuwa wakilikata kwa kisu na kumlaani Kukhu.

Nilijiona nimeokoa maisha. Baada ya majuma machache kizibo kilidondoka, na nikadhani uzi nao umekwenda. Kastamu akanenepa, manyoya yakamjaa shingoni, nami nikasahau.

Mambo yaliharibika msimu wa mvua. Asubuhi moja Kukhu aliinama kumpapasa kichwa kama kawaida yake, na yule paka aliyekuwa akilala mapajani mwake akageuka na kuzamisha meno kwenye kidole gumba chake mpaka yakagota. Hakuna aliyemkanyaga, hakuna aliyemnyang'anya chakula. Jioni yake akamrukia mjomba mguuni. Tangu hapo kila aliyenyoosha mkono alipokelewa na kucha.

Kukhu hakungoja dawa za mtaani. Aliosha mkono kwa sabuni na maji mengi, akaenda zahanati siku ile ile, akaanza kuchomwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa. Mjomba naye alichukua panga.

"Hii paka iko na kichaa," alisema. "Naua leo leo."

Bahati yetu, daktari wa mifugo alikuwa mtaani akichanja mbwa. Alisimamisha pikipiki, akasikiliza, akamtazama mjomba na lile panga lake.

"Ukiua leo, utajua namna gani kama ilikuwa na kichaa?" akamuuliza. "Fungia siku kumi. Kama ni kichaa, haiwezi kumaliza. Na mama amalize sindano zake, asiache hata moja."

Kastamu akafungiwa kwenye kizimba cha kuku, na kuku wakahamia jikoni, jambo ambalo Kukhu alilipigia kelele zaidi kuliko kidole chake. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusukuma maji na chakula kwa kijiti, bila kutia mkono. Kila asubuhi niliamka kabla ya jogoo, roho mkononi, kwenda kuangalia kama yu hai. Alikuwa hai. Siku ya kumi alikuwa hai, anakula, anakunywa, na ananikoromea kama mashine ya kusaga.

Nilidhani tumeshinda. Mjomba akapata neno jingine.

"Basi kama si kichaa, imerogwa. Kesho asubuhi inaingia gunia, naenda kuitupa mto Malaba."

Kukhu aliingia jikoni kufukuza kuku. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa bandeji, na sikutegemea kwamba angemtetea paka. Mimi nilivuta kigoda nikaketi mbele ya kizimba. Mjomba aliniita nile, sikwenda. Aliniita niteke maji, sikwenda. Watu husema mimi ni mbishi, na sijawahi kukanusha. Nilikuwa nimekata shauri kwamba mnyama aliyenilalia miguuni miezi yote ile hakuamka siku moja akaamua kuwa mbaya. Lazima kulikuwa na kitu, nami ningekaa pale mpaka nikione.

Nilikaa mchana kutwa. Niliona anakula huku kichwa amekiinamisha upande. Niliona anainua mguu wa nyuma kujikuna shingoni, anaugusa kidogo tu, kisha anauteremsha na kulia. Upepo ulipogeuka nikasikia harufu iliyokuwa si ya mukene wala ya kuku.

"Kukhu," nikaita, "iko na kitu kwa shingo."

"Iko na shetani kwa shingo," mjomba akajibu kutoka barazani.

Kukhu alikuja, akanusa, akaniambia, "Leta gunia. Na leso yangu ya zamani, ile nzito."

Tulimfunika, tukamviringisha hadi kikabaki kichwa tu. Mimi nilimbana kwa mikono na magoti, naye alikuwa akitetemeka ndani ya gunia, akinguruma kwa sauti ambayo bado naisikia. Kukhu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yamefunga ukungu, kwa hiyo alifungua bandeji yake, akatafuta kwa vidole. Alipekua manyoya yaliyogandamana. Ghafla vidole vikasimama.

Nikauona uzi. Wa kijani. Ulikuwa umezama ndani ya nyama kuzunguka shingo nzima, na juu, kwenye kisogo, lilikuwepo fundo.

Nilitamani ardhi inimeze, tena inimeze haraka kabla mjomba hajafika.

"Mmepata nini?" mjomba akauliza.

Kukhu hakuitisha kisu. Mkono wake ulifanya kitu kidogo, uzi ukalegea, akauvuta taratibu, taratibu sana, mpaka ukatoka wote. Kisha akautupa jikoni kwenye moto, ukawaka na kunuka.

"Waya ya mtego," akasema. "Watu wanatega sungura huko kwa miwa, wananasa paka ya wenyewe. Wandera, ita daktari."

Mjomba aliwatukana wategaji wa sungura hadi jioni. Mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru Mungu kwa macho mabovu ya bibi yangu.

Daktari alimchoma Kastamu sindano, akasema kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi kila asubuhi kwa siku kumi na nne. Mjomba alisema hamgusi mnyama yule hata kwa fimbo. Kukhu akanisukumia bakuli.

"Ajambo ataosha. Yeye peke yake."

Nilivimba kichwa. Shuleni nilisimulia kwamba nimechaguliwa kwa ushujaa. Siku za kwanza nilichanwa hadi kwenye viwiko, nalia, naosha. Siku ya tano aliniachia bila kunichana. Siku ya kumi na mbili alinilalia mapajani, bakuli likiwa bado mkononi mwangu.

Kastamu aliishi miaka mingi, na manyoya ya shingoni hayakuota tena pale uzi ulipopita. Kukhu naye akawa na usemi mpya. Kila nilipofunga gunia aliniambia, "Ukifunga, rudi uangalie." Nilidhani anahofia mukene.

Sasa mnajua kwa nini nilisimama pale sokoni na uzi mkononi. Kidole changu gumba kilikuwa kimelifungua fundo lile bila msaada wa macho. Cha Kukhu kilifanya hivyo kwa miaka arobaini.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Busia. Kukhu yu hai, haoni tena isipokuwa mwanga wa mlango. Niliketi mkekani na kumweleza yote, kuanzia kizibo cha soda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nyumba yangu, fundo hiyo nilifundisha mtu mmoja," akasema.

"Sasa mbona ulinyamaza, Kukhu?"

"Wandera angekupiga, ulie, yaishe. Na kidonda nani angeosha? Nilitaka mwenye alifunga ndiye aoshe."

Akacheka kidogo, akaniuliza kama nimekula. Nikauchukua mkono wake. Kwenye kidole gumba, kile kile kilichofungua fundo, makovu mawili ya meno bado yapo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunionyesha hata mara moja. Nikamwomba msamaha wa kidole hicho.