Kumkimbia Mkwe Katika Nchi Isiyo na Kichaka

Nilitumwa. Nalisema hili mapema ili wale wenzangu wa kwaya wanaodai nilikwenda Ulaya kula raha wapate kunyamaza. Binti yangu Damaris, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Laksembagi, alileta habari kwamba amepata mchumba, mwenyeji wa huko huko, jina lake Piti. Baba Damaris alilima kutwa nzima. Jioni akaniambia, "Mama Damaris, enda ukamwone huyo kijana. Ukirudi niambie ndiyo au hapana. Maelezo marefu sitaki, nakujua."

Ndivyo ndoa ya mwanangu ilivyowekwa mdomoni mwangu, na mdomo wangu mnaujua.

Kwetu Ndera, kijiji cha ng'ambo ya mto, niliondoka na mkeka mpya na sanduku la kuazima. Safari ya angani sina la kusema, maana nililala na mdomo wazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Uwanja wa ndege wa Laksembagi. Damaris alinipokea kwa machozi na vicheko, kisha akasema, "Mama, Piti ndiye huyu." Kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi, akanijia na mikono wazi. Anataka kunikumbatia! Mimi nililelewa na mama aliyeamini kwamba mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani machoni, wala hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Sakafu inang'aa, kichaka hakuna. Nikachutama nyuma ya toroli la mizigo na kujifunika leso.

"Mama, umeangusha nini?" Damaris akauliza.

"Natafuta kiatu," nikasema. Viatu vyote viwili nilikuwa nimevaa.

Siku zilizofuata nilitembezwa. Nchi yenyewe ni ndogo, ukipiga chafya mpaka wa huku wanakuombea afya mpaka wa kule. Na usafiri ni bure. Basi bure, treni bure, na ile tramu inayoteleza katikati ya mji nayo bure. Mara ya kwanza nilikaa nimeshika pochi nikimngoja kondakta mpaka Damaris akanicheka. Nilishuka nikapanda tena, nikashuka nikapanda, kuhakikisha kwamba hawajasahau.

Ubaya wa bure ni kwamba kila mtu yumo, hata mkwe. Nikipanda basi, Piti yuko kiti cha nyuma. Nikiingia sokoni, Piti anachagua viazi. Mji wao una sehemu ya chini bondeni na sehemu ya juu kwenye jabali, na kuna lifti ya kukupandisha. Tukiwa bondeni mlango ukafunguka, na ndani alikuwamo Piti, ameshuka kutupokea. Damaris akanivuta ndani. Nikageukia ukutani kwa adabu zangu zote. Ukuta wenyewe ni wa kioo! Tukapanda hivyo, bonde zima na mto wake mwembamba chini ya miguu yangu, na katika kioo kile nikauona uso wa Piti. Ulikuwa uso wa mtu aliyenyimwa chakula na hajui kosa lake. Nikafumba macho.

Vianden, mji wenye ngome juu ya kilima. Kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya, viwili viwili, vinavyokupandisha mlimani. Mfanyakazi akanionyesha kiti kando ya Piti. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kufundishia darasa la sita kwamba madaktari wamenikataza kukaa. Nikapanda kwa miguu, tena kwa kasi, nikifuatana na mama yake Piti, mjane mcheshi mwenye mbwa mnene. Tulipofika nusu alishika kiuno, akaniuliza, "Mwanangu ana kasoro gani?"

"Sijui," nikamjibu kwa ukweli. "Bado sijamtazama."

Jioni ile Damaris alikaa jikoni akilia. "Mama, Piti anasema atajitoa. Anasema hawezi kumwoa mtu ambaye mama yake hataki hata kumwona."

Mimi niliyetumwa kuipima ndoa, nilikuwa naivunja kwa mikono yangu, tena kwa heshima! "Nisimtake?" nikasema. "Nimemheshimu huyo mtoto mpaka magoti yananiuma! Hukumwambia mambo ya ukwe?"

Damaris akafuta machozi. "Nilidhani hayo mliyaacha zamani."

"Nani aliyaacha? Mfundishe leo hii."

Asubuhi, kituo cha tramu. Piti alikuwa amesimama anasoma simu. Aliponiona alishtuka, akageuka, akaruka nyuma ya ubao wa matangazo. Miguu yake ilionekana chini, viatu vimebanana. Abiria wote wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Sijawahi kuheshimiwa namna ile tangu nizaliwe. Nilijisikia malkia.

Hapo ndipo utundu uliponiingia. Siku zilizobaki nilitembea kumtafuta. Nilijua kituo anachoshukia akitoka kazini, nikawa nakaa pale na mfuko wa vibanzi vyao vya viazi. Tramu ikifika, Piti anashuka, ananiona, anarudi ndani mbio na kupelekwa kituo cha mbele. Nami napanda ya nyuma yake. Echternach, mji mwingine wa huko, soko limejaa watu, nilimwona akifungua mwavuli na kujifunika, na jua linawaka. Siku nyingine alijificha nyuma ya mtawa.

"Mama, unamwinda mtu!" Damaris akalalamika.

"Natalii," nikasema. "Si bure?"

Siku ya mwisho tulikaribishwa chakula kwa mama yake, kando ya mto Moselle. Piti alipika na kula jikoni, sisi sebuleni, mlango wazi. Nikamgeukia yule mbwa mnene. "Wewe mbwa, mwambie aliyepika kwamba nyama imeiva vizuri."

Sauti yake ikatoka jikoni, kwa Kiswahili cha kujifunza, "Mbwa, mwambie mama, asante sana."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Damaris akaniinamia sikioni, "Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Jibu nimelifunga kwenye leso," nikamwambia. "Litafunguliwa Ndera."

Kurudi tulikuwa watatu, maana Piti alitaka kumwona baba mwenyewe. Ndegeni alichagua kiti cha mkiani kabisa. Basi liliposimama Madogo, alikunywa chai upande wa pili wa barabara. Lilipofika Hola, alininunulia tikiti maji, akaliacha juu ya jiwe na kwenda zake.

Kivukoni, kwenye mto wetu. Ng'ambo, baba Damaris alikuwa ameshasimama, mikono mgongoni, akingoja jibu lake. Mtumbwi ulikuwa mmoja. Nikateremka ukingoni, na Piti, mtoto mwenye adabu, akanipisha. Akarudi hatua kadhaa, akanipa mgongo, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, kando ya matete.

Mto wao hauna kitu. Wetu una wenyewe. Matete yakatikisika.

"Piti!" Nilipiga yowe ambalo sikujua kama bado ninalo. "Mwanangu! Toka majini! Mamba!"

Aliruka akanijia moja kwa moja, nikamdaka mkono, nikamvuta juu, nikamkumbatia kwa nguvu. Nilimtazama machoni kwa mara ya kwanza. Ana macho mazuri, ya kijani kama maji ya Moselle. Damaris alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Tulivuka tumebanana, magoti yangu na yake yakigusana. Nilijifunza kwamba heshima isipofundishwa huumiza kama tusi, na kwamba mtu anayekubali kujificha nyuma ya mtawa kwa ajili ya binti yako hahitaji kupimwa tena. Nilianza kufungua fundo la leso ili nipange maneno ya kumwambia baba.

Mtumbwi ulipogusa ukingo, baba Damaris alikuwa ameshamnyooshea Piti mkono.

"Usijisumbue, mama Damaris," akasema. "Lile neno lako, 'Mwanangu', nimelisikia toka huku."