Msimamizi Asiye na Fungu

Nilikuwa kwa fundi viatu, mguu mmoja wazi, nilipopigiwa simu kwamba yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi amefariki alfajiri na atazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Sikumsubiri fundi amalize. Nilivaa kiatu kikiwa kimeshonwa nusu, nikaenda. Ninyi mliozoea kunisoma nikiwasema wafanyabiashara wa mji wetu, leo mnivumilie, maana huyu ninamsifu, na yeye mwenyewe angechukia kusifiwa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukimwomba akupunguzie bei ya kitasa, alikuuliza kama na wewe kazini kwako umeomba kupunguziwa mshahara.

Nusu ya Babati ilimfahamu kwa mabati na misumari. Mimi nilimjua hasa kwa sababu ya mirathi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya mkoa wetu mpya, mji umejikuta makao makuu ya Manyara, na mashamba ya Singe, Nangara na Bonga, ambayo siku zote yalikuwa ya mahindi na mbaazi tu, yameanza kuitwa viwanja. Wageni walipita na madalali wakinyoosha vidole juu ya mazao ya watu. Katika hali hiyo akafariki mkulima mmoja wa Singe, Mlutheri aliyeshuka kutoka Mbulu akiwa kijana. Aliacha mke, watoto watatu, nyumba, na shamba lililopakana na barabara. Mimi niliitwa kwenye kikao cha ukoo ili niandike muhtasari, kwa kuwa mahakama huudai na mwandiko wangu unasomeka.

Mdogo wake marehemu alifika kikaoni ameshaamua kila kitu. Yeye ndiye atakayekuwa msimamizi wa mirathi, na mnunuzi wa shamba ameshapatikana. Mjane na watoto wangetafutiwa mahali huko juu Mbulu kwa ndugu. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alipotamka neno msimamizi alimaanisha mwenye mali, na wengi waliokuwa pale walimwelewa hivyo hivyo bila kushtuka. Mahakama humpa mtu kazi ya kukusanya mali ya marehemu na kuwafikishia wanaostahili. Sisi tunarudi nyumbani tukishangilia kwamba amepewa mali. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Alipoulizwa kama ana neno, alisema anamtaka yule mwenye duka, rafiki wa mume wake.

"Yule Mswahili?" shemeji yake alifoka. "Si ukoo wetu, si dini yetu. Atatugawia kwa Kurani?"

Mtu akatumwa kumwita. Alikuja, akasikiliza akiwa amesimama, akasema, "Ya Kurani subirini nife mimi. Hapa nitagawa kama hakimu atakavyoelekeza. Ila mkinipa kazi hii mjue jambo moja, humu ndani mimi sina fungu. Sigombei hata jembe." Wazee walibishana sana kwa lugha yao, mwisho wakakubali. Nadhani walikubali kwa sababu kila mmoja alimwogopa mwenzake kuliko alivyomwogopa mgeni.

Shemeji alipeleka pingamizi Mahakama ya Mwanzo. Hakimu akamwuliza mwenye duka, "Wewe ni nani kwa marehemu?" Akajibu, "Nilikuwa namwuzia misumari, mheshimiwa." Tulicheka, hakimu hakucheka. Aliwageukia mjane na watoto, akawauliza kama wanamkubali, wakasema ndiyo. Pingamizi likatupwa.

Kisha likazuka jambo lililoumiza watu. Tangu apewe usimamizi, kila alipofika Singe hakutia kitu mdomoni. Chai alikataa, mahindi ya kuchoma alikataa, hata maji. Zamani, rafiki yake akiwa hai, alikuwa akila pale mpaka analegeza mkanda. Mjane akadhani ni mambo ya dini. Siku moja akamwomba jirani Mwislamu amchinjie kuku, akampika kwa sufuria mpya, akamtengea. Bwana yule akashukuru, akavaa viatu, akaondoka. Mama wa watu alilia. Akaniambia, "Kumbe alikuwa anakula kwa ajili ya mume wangu tu. Mimi ananiona najisi."

Nilimfuata dukani nikiwa nimekasirika, nikamwambia anamdhalilisha mjane. Aliendelea kupima nondo za mteja, halafu akanijibu bila kuniangalia. "Nikila kuku wa mama, shemeji yake atasema nimelishwa. Nikinywa soda ya shemeji, mama hatapata usingizi. Bora waseme nina dini kali." Nikamwuliza kwa nini basi asimwambie mjane. Akasema, "Nikimnong'oneza yeye peke yake, nimeshachagua upande." Nilitoka pale bado nimekasirika, lakini sikujua tena nimkasirikie nani.

Shemeji alimleta mnunuzi dukani mara kadhaa. Walitaka saini tu, wakidai ni kwa faida ya watoto. Kila mara aliwauliza watoto watalala wapi, na kila mara waliondoka wakitukana. Mjini ikavuma kwamba analitaka shamba mwenyewe ajenge ghala. Wapo waliohama duka lake. Alichukia, nilimwona akichukia, ila hakujitetea kwa mtu yeyote.

Siku ya kugawa aliita ukoo mzima, akazunguka nao mipaka kwa miguu. Nyumba na shamba vikabaki kwa mjane na watoto wake. Halafu akamgeukia shemeji, akamwonyesha ng'ombe wawili zizini, akasema hao hawamo katika mirathi, kwa kuwa majirani wamethibitisha kwamba ni wake mwenyewe, aliwaweka kwa kaka yake wafugwe. Yule bwana aliduwaa. Alikuwa amejiandaa kupigana, hakuwa amejiandaa kutendewa haki. Hakimu alipopokea taarifa ya mgawanyo na kufunga jalada, msimamizi wetu hakurudi dukani. Alipanda baiskeli moja kwa moja hadi Singe, akabisha hodi, akasema, "Mama, jalada limefungwa. Kuna chakula?" Palikuwa na kiporo cha ugali na mlenda. Alikula akamaliza, akaomba kingine, na mama yule akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

Tangu wakati ule nimehudhuria vikao vingi vya ukoo, na mji umekua mpaka siwatambui tena watoto wa shule ninaopishana nao. Viwanja vimepanda thamani, mahakama zimesogea, mawakili tunao. Lakini bado tunachagua msimamizi kwa sauti yake, au kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, au kwa kuwa yuko Dar na ana gari. Tunamtafuta aliye karibu zaidi na mali, kisha tunashangaa anapoikalia. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakikaa mabenchi tofauti kwenye korido ya mahakama, wasisalimiane, shikamoo ya mdogo ikiangukia sakafuni. Inanisikitisha kuliko misiba yenyewe. Mwenye nyumba na familia, zungumza na mwenzio mngali hai, mkubaliane ni nani asiye na njaa na vitu vyenu.

Tulipotoka makaburini kumzika mwenye duka tulirudi nyumbani kwake kuwapa pole wafiwa. Yule mama wa Singe, sasa ana mvi, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba na akina mama wa Kiislamu, ameinamia sufuria la wali, kanga imelowa machozi. Shangazi mmoja wa marehemu aliyetoka Kondoa hakumfahamu. Alimsogelea kwa upole akamwuliza, "Samahani mama, na wewe ni ndugu yetu wa upande gani?"

"Hatukuwa na undugu wowote," alijibu. "Ndiyo maana mpaka leo nina kwangu."