Miguu Iliyojifunzia Kwenye Tuta la Jaruba

Siku yangu ya kwanza kazini niliwahi mno. Nikazunguka Ifakara kwa baiskeli, nisije nikaonekana nina kiherehere. Ukumbi wetu wa ngumi ulikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zilitua mpaka ulingoni. Nyinyi mnaoanza leo mtaniona bado kijana, lakini kwenye ngumi aliyestaafu ni mzee. Nivumilieni.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Idete, uliyejifundisha mwenyewe? Haya, cheza nione."

Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, nikaenda tena mbele.

"Huyu bondia au treni?" kocha akawauliza wenzangu, wakaangua kicheko. "Mbona hutoki relini?"

"Nilijifunzia kwenye tuta la jaruba, kocha. Ukienda pembeni unatumbukia majini, unakanyaga mpunga wa watu."

Tuta ni ule ukingo mwembamba wa udongo kati ya jaruba na jaruba. Masika, shambani kwetu hapakuwa na pengine pakavu. Nilitazama mapambano kwenye simu, nikaiga pale peke yangu. Mikono ilitoka safi. Miguu haikujua kwamba kuna kushoto na kulia.

Kocha alinifundisha kuzunguka, yaani kuhama upande ili ngumi ikukose. Lakini kila nilipochoka, miguu ilirudi tutani. Nilishinda Morogoro, nikashinda Iringa, na bado nilirudi nyumbani nikijichukia.

Ndipo nikapata pambano la ubingwa wa taifa, Dar es Salaam. Bingwa alizunguka kama nzi. Raundi za mwisho zilinikuta jicho moja limefumba, alama ameniacha mbali, na mkanda unaondoka. Nikakaa kwenye kigoda cha kona yetu.

"Samahani kocha, nimeshindwa kuzunguka."

"Nani kakwambia uzunguke sasa? Mtie yeye kwenye tuta."

"Vipi?"

"Konani, baba! Kamba huku, kamba huku. Atakwenda wapi, majini?"

Nikamsogeza kwa jabu, ile ngumi ya mkono wa mbele, mpaka akaishiwa nafasi. Mahali pasipo na pembeni palikuwa pageni kwake. Mimi nimekulia hapo. Nikamwangusha. Refa alimhesabia mpaka mwisho, hakuinuka.

Nilikuwa bingwa mpaka daktari alipokataa lile jicho. Juzi kocha alikuja kunisalimia, nikamwonyesha pambano kwenye simu, nikimtajia makosa yangu.

"Hapa kidevu kiko wazi. Hapa mguu wa nyuma umechelewa."

"Na mimi je? Siku zote unajitazama miguu tu?"

Nikatazama kona yetu. Mzee mzima anaruka, kandambili moja imemtoka, taulo kaligandamiza usoni. Nimeitazama video ile tangu siku ya ushindi, na sikuwahi kumwona.

"Kocha, hapa unalia."

"Jasho hilo. Hebu rudisha nyuma tuone tena."