Baba Anaenda Gakoromone

Mama alipofariki, kaka zangu walikaa wakapanga maisha ya Baba bila kumuuliza. Mke wa kaka mkubwa angemnunulia chakula na kumletea kila Jumamosi. Baba alikuwa amepita miaka sabini na hajawahi kununua hata kitunguu. Kwetu Meru, miaka ile ya tisini, mwanamume aliuza ng'ombe au kahawa. Mboga alimwachia mkewe.

Alivumilia miezi miwili. Kisha asubuhi moja, nikiwa likizoni kutoka Embu nilikofundisha, alivaa koti lake la kanisani, akatungua kiondo cha Mama ukutani.

"Naenda sokoni Gakoromone," akasema.

"Baba, si chakula kinaletwa kesho?"

"Kinaletwa wanachotaka wao. Tangu tuzike sijaonja njahi. Nikiitisha, naambiwa mchele ni laini kwa meno yangu. Meno ni yangu."

Nikamfuata. Wazee waliokuwa wameketi nje ya duka la mbolea walikitazama kile kiondo begani mwake. Mmoja akamuuliza kama siku hizi yeye ndiye ameolewa.

"Nimefiwa," Baba akajibu bila kusimama. "Na nina njaa."

Sokoni alinunua njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, upesi upesi kama mtu anayekimbia mvua, wala hakutaka nimsaidie. Nyumbani tulipozimwaga njahi kwenye ungo, nusu yazo zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Aliziangalia kwa muda mrefu. Nilidhani ndio mwisho wa safari zake.

Siku ya soko iliyofuata alizirudisha. Alisimama mbele ya yule mama aliyemuuzia, akazimimina kwenye gunia lake, wateja wakiona.

"Mama, mke wangu ungempa hizi?"

Mama yule alikitambua kiondo. Uso wake ukabadilika.

"Yeye? Angenirushia," akasema. "Mara moja alinirushia kweli. Baba, usichukue za juu. Ingiza mkono mpaka chini."

Baba akakunja mkono wa koti, akauzamisha mkono mzima guniani. Alipokuwa akichambua, yule mama alimsimulia jinsi Mama alivyokuwa mkali sokoni, na jinsi alivyowachekesha. Baba hakuwa anajua. Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kaka mkubwa alipopata habari, alikuja amekasirika.

"Baba, watu wanasema tumekutupa."

"Waambie nina miguu."

Kaka alichukua kiondo, akakifungia ndani ya pikapu yake, akaondoka nacho.

Siku ya soko ilipofika, Baba alivua foronya ya mto wake, akaikung'uta na kuikunja kwapani. Alirudi nayo imejaa njahi, viazi na ndizi za kupika, akipita katikati ya barabara ili kila mtu aone. Mbele ya duka la mbolea alisimama makusudi, akabadilisha bega.

Jumapili kaka alikuja na mkewe kuzungumza tena. Baba hakuwapa nafasi. Aliwapakulia njahi alizopika mwenyewe, chumvi imezidi kidogo, akaketi akiwatazama wakila. Mke wa kaka alimaliza kwanza.

"Baba, hizi umezitoa kwa nani?"

"Twende wote siku ya soko," Baba akamwambia. "Nitakuonyesha."

Na wakaenda.